UZI: Bonaire, kisiwa ambacho unaingia kwenye matumbawe kwa miguu yako mwenyewe

#1 Mbizi wa Nungwi

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa Mnemba niliahidi kwamba nikirudi Bonaire nitaandika. Nimerudi juzi, na hii ilikuwa safari yangu ya tatu. Kwa wasionijua: nimeongoza wapiga mbizi miaka sita kaskazini mwa Unguja, sasa naishi Rotterdam. Kila senti ya likizo yangu inaenda baharini.

Bonaire iko Karibi ya kusini, kama kilomita 80 kaskazini mwa Venezuela. Ni kisiwa kidogo, Unguja inakimeza mara tano na zaidi. Tangu Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, lakini pesa inayotumika ni dola ya Marekani, na watu nyumbani wanazungumza Kipapiamento. Mji mkuu ni Kralendijk, mji mfupi wa nyumba za rangi ambao unaumaliza kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Sasa niseme kilichonifanya nirudi mara tatu. Kwetu, mbizi inaanza na boti. Unaamka, unasubiri maji yajae, boti inapita juu ya mwamba, unafika. Bamvua likiwa kubwa pale Nungwi maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, na maisha yote ya pwani yanafuata saa hiyo. Bonaire maji hayapandi hata nusu mita. Upepo nao ni matlai, unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa joshi, mashariki, bahari inapiga mawe bila kupumzika, na upande wa demani, magharibi, maji yametulia kama birika. Mwamba wa matumbawe uko huko demani, na umeanza mita chache tu kutoka ulipoegesha gari.

Barabara ya pwani ina mawe yaliyopakwa rangi ya njano, na kila jiwe limeandikwa jina. Ukiona jiwe, hapo ndipo pa kuingilia. Kuna sehemu zaidi ya 80 zenye majina ukijumlisha kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, na zaidi ya 50 kati ya hizo unaingia kutoka nchi kavu. Unakodi pikapu, unapakia mitungi nyuma, wewe na mwenzako, basi. Hakuna nahodha wa kukuharakisha. Ukitaka kukaa dakika sabini ukimtazama pweza mmoja, ni wewe na hewa yako.

Umbo la chini ni lilelile karibu kila mahali: kwanza uwanda wa mchanga na matumbawe machache, upana wake mita hamsini hadi mia, kisha kwenye kina cha mita kama 10 mwamba unainama na kushuka hadi mita 30 na kuendelea. Maji nyuzi 26 hadi 29. Siku nzuri unaona mita 30 mbele yako.

Nianze na zile ninazozipenda.

Salt Pier. Hii ni gati ya kupakilia chumvi, kusini, karibu na vilima vyeupe vya chumvi unavyoviona ukiwa mbali. Nguzo za chuma zimeshuka majini na kila nguzo imevaa sifongo za rangi ya machungwa, zambarau na njano mpaka chuma chenyewe hakionekani. Kina si kikubwa, mita 5 hadi 15 hivi. Nenda asubuhi jua likiwa linaingia kwa pembeni, mwanga unapita kati ya nguzo kwa vipande, na makundi ya samaki yanageuka yote kwa pamoja. Mara mbili nimekaa pale mpaka nikamaliza hewa bila kusogea mita hamsini. Sharti moja: meli ikiwa imefunga gati, hakuna kuingia.

Hilma Hooker. Meli ya mizigo ya mita 72, imelala ubavu wa kulia kwenye mchanga, kina cha mita 30. Mwaka 1984 ilifungwa Kralendijk ikiwa na hitilafu, maofisa wakaipekua na kukuta bangi zaidi ya tani kumi nyuma ya ukuta wa uongo. Ikakaa inavuja bila mwenyewe kujitokeza, na tarehe 12 Septemba mwaka huo ikazama. Ukishuka kwa kamba ya boya inajitokeza taratibu kama ukuta wa msikiti wa kale, kisha unaona rafadha yake, kubwa kuliko mtu. Tapon, samaki wa fedha warefu kama kijana, wanapenda kutulia chini ya ubavu wake. Uzuri mwingine ni kwamba imezama kati ya miamba miwili sambamba, kwa hiyo ukimaliza meli unarudi pwani juu ya matumbawe, unapunguza kina polepole.

1000 Steps. Jina linatisha, ngazi zenyewe hazifiki hata sabini. Zimechongwa kwenye jabali la chokaa upande wa kaskazini. Kushuka si tatizo. Kupanda na mtungi mgongoni ndipo utaelewa aliyetoa jina. Kasa wapo karibu kila mara.

Karpata. Mbali kidogo zaidi kaskazini. Mwamba umekatwa kwa mabonde yanayoshuka kilindini kama matuta ya shamba la viazi, na unaweza kupita bonde moja hadi jingine. Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote kwa umbo. Angalizo: barabara ile baada ya 1000 Steps ni ya kwenda tu, huruhusiwi kugeuza. Ukisahau kitu nyuma utazunguka kupitia kijiji cha Rincon.

Bari Reef. Iko pale pale mjini, na watu wengi wanaipuuza kwa sababu hiyo. Wahesabu samaki wameorodhesha zaidi ya spishi 300 kwenye mwamba huu mmoja. Nenda usiku.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Binti Makunduchi

Shikamoo kaka. Nimesoma mara mbili. Nina cheti cha kwanza tu, mbizi 22, zote na kiongozi. Je, nikienda na mdogo wangu ambaye ana uzoefu kama wangu, tutaweza kuingia wenyewe? Mikondo ikoje? Na visa? Mimi niko Dar.

#3 Mbizi wa Nungwi

Marahaba dada. Mtaweza, lakini siku mbili za mwanzo chukueni kiongozi wa pale. Hata mimi mwenye mbizi zaidi ya elfu nilipofika mara ya kwanza nilitakiwa nipige mbizi ya utambulisho mbele ya duka nilikochukulia mitungi kabla sijaruhusiwa kwenda kwingine. Ni sheria ya hifadhi kwa kila mgeni, na ni sheria nzuri: wanaangalia kama vizito ulivyofunga kiunoni viko sawa na kama unaelea bila kugusa chini.

Mkondo mara nyingi ni mdogo. Mtindo ni huu: ukishafika kwenye mteremko, simama, tazama majani na matumbawe laini yanalalia wapi. Anza kwa kwenda kinyume na mkondo ukiwa na nguvu na hewa. Ukifika nusu ya safari yako, panda kina kidogo, geuka, mkondo ukurudishe. Kabla ya kushuka geuka nyuma utazame pwani, uweke alama: mti, nyumba, pikapu yako. Chini ya maji weka alama nyingine pale unapoanza mteremko. Waliopotea niliowaona wote walisahau hiyo alama ya pili.

Kuingia ndiko kunakoumiza watu. Pwani si mchanga kama Paje. Ni vipande vya matumbawe makavu vinavyoteleza, na kusini kuna mawimbi madogo yanayovunjika pale pale unapotaka kuvaa mapezi. Vaeni viatu vya soli ngumu na mapezi ya kufunga kwa mkanda nyuma. Jazeni hewa jaketi la kuelea, ingieni mpaka kiunoni, vaeni mapezi mkiwa mnaelea, mmoja amshike mwenzake.

Visa: Bonaire haimo kwenye Schengen japo ni Uholanzi. Mimi naingia kwa kibali changu cha kuishi. Wewe wa Dar waulize ubalozi wa Uholanzi kuhusu visa ya Karibi, na uulize mapema, usinunue tiketi kwanza. Wekeni pia bajeti ya dola 75 za kodi ya kuingia kisiwani na dola 40 za ada ya mazingira, kila mtu.

Na kwenye pikapu msiache kitu. Hakuna simu, hakuna pochi, hata nguo nzuri. Wenyeji wenyewe wanashauri vioo viachwe wazi ili mwizi asivunje.

#4 Mwana Watamu

Asante kwa uzi ndugu yangu. Umesema ada ya mazingira. Ni shirika gani linashika? Kwetu watalii huuliza pesa yaenda wapi.

#5 Mbizi wa Nungwi

Linaitwa STINAPA. Linasimamia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1979, inayozunguka kisiwa kizima pamoja na Klein Bonaire, kutoka ufukweni hadi kina cha mita 60. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Kisiwa hiki hakikusubiri matumbawe yafe. Mayai na viota vya kasa vilianza kulindwa 1961. Kuvua kwa bunduki ya mshale kulipigwa marufuku 1971. Kung'oa matumbawe, 1975. Kisha hifadhi yenyewe, 1979. Nanga hairuhusiwi kwenye mwamba. Boti zote zinafungwa kwenye maboya ambayo kamba yake imechimbiwa chini. Glavu hazivaliwi, kwa sababu mwenye glavu hushika. Mwaka 2010 wakapiga marufuku kuvua pono. Wakuu, mtu wa Unguja kuambiwa pono asivuliwe si jambo dogo, mimi nimelelewa kwa pono wa kuchoma. Lakini ukimtazama pono anavyofanya kazi unaelewa: kutwa nzima anakwangua mwani juu ya matumbawe, na mwani ukiachwa unayafunika. Chini pale unasikia meno yake yakikwaruza, krr krr, kabla hujamwona.

Watu wa kisiwa wanamtaja sana Don Stewart, Mmarekani aliyefika kwa jahazi lake mwaka 1962 na kufungua biashara ya mbizi. Alianza kama mtu wa kuvua, akageuka, akawa mpiga kelele mkubwa wa kuweka maboya na kuacha mishale. Alifariki 2014.

Nasema kisiwa hiki kilitangulia dunia nzima kwa hifadhi za bahari.

#6 Mwana Watamu

Hapo nitakusahihisha kwa heshima. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968. Ni miaka kumi na moja kabla ya hiyo ya Bonaire. Mzee wangu alikuwa mvuvi na anakumbuka siku walipoambiwa mwisho wa kutega ni pale kwenye mwamba. Alikasirika miaka mingi. Leo hii yeye mwenyewe ndiye anayewaeleza wageni kwa nini chewa wakubwa wako ndani ya mstari na si nje. Tusijidunishe.

#7 Mbizi wa Nungwi

Umenisahihisha vizuri na naliondoa neno langu. 1968. Salamu zangu kwa mzee.

#8 Mtangata

Mimi nasoma huu uzi kwa uchungu. Nimekulia Tanga. Tulipiga mbizi tukiwa watoto bila mitungi, na sauti niliyoizoea chini ya maji ni kishindo cha baruti. Hukisikii kwa sikio, unakisikia kifuani. Mwamba uliopigwa baruti unakuwa kifusi, na kifusi kinazungushwa na mawimbi, matumbawe machanga hayapati pa kushika. Sasa unaniambia kuna watu wamekatazana hata glavu. Je, mwamba wao ni mzima kweli, au ni picha za biashara?

#9 Mbizi wa Nungwi

Pole sana ndugu. Nikujibu bila kupamba.

Si mzima wote. Miaka ya themanini mwanzoni, ugonjwa uliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pembe, yale ya matawi yaliyokuwa yamejaa kwenye maji mafupi ya Karibi yote. Mwaka 1983 wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaokula mwani wakafa karibu Karibi nzima kwa muda mfupi. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilikuja kutoka magharibi, upande ambao vimbunga huwa havitoki, na kikapiga mwamba wa demani uliokuwa haujajiandaa. Kisiwa kiko kusini mwa njia kuu ya vimbunga, lakini mawimbi yanasafiri.

Na mwaka 2023 umefika ugonjwa mbaya kuliko yote, ule unaonyonyoa nyama ya matumbawe magumu na kuacha mfupa mweupe. Ulianzia Florida 2014, ukaruka kisiwa hadi kisiwa. Nilipokwenda mara ya pili niliyaona matumbawe ya ubongo ya mamia ya miaka yakiwa na mstari mweupe unaotembea. Safari hii, mawili niliyoyapiga picha mwaka jana, moja ni jiwe tupu. Niliweka mkono kifuani nikakaa nalitazama. Mwaka huo huo wa 2023 joto la maji likapanda na matumbawe yakapauka, juu ya ugonjwa.

Kwa hiyo sasa, ukitoka majini, vifaa vinaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kwenda mwamba mwingine. Usione uvivu. Ukiwa na siku nyingi, anza na sehemu ambazo ugonjwa haujafika ndipo uende zilizougua, usibebe ugonjwa kwa jaketi lako. Kuna kikundi kiitwacho Reef Renewal Foundation Bonaire kinachootesha matumbawe ya matawi kwenye miti ya plastiki iliyoning'inizwa majini, kisha kuyapandikiza. Nimeona bustani zao. Vipande vinaning'inia kama nguo kwenye kamba, na samaki wadogo wameshahamia.

Lakini hata hivyo, Mtangata, samaki wamejaa. Hicho ndicho kinachonifanya niamini sheria. Ugonjwa hausikii sheria, ila mwamba wenye pono na usio na nanga unakutwa na ugonjwa ukiwa bado na nguvu ya kupigana.

#10 Fundi Hewa

Mimi ni mwalimu wa mbizi, Mombasa. Niongeze la usalama, maana kupiga mbizi kutoka pwani kunawadanganya watu. Kwa kuwa ni rahisi, wanapiga nne au tano kwa siku, siku sita mfululizo. Nitrojeni inajilimbikiza mwilini taratibu na hujui.

Bonaire karibu kila duka linajaza nitroksi. Tumieni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, nitroksi ya kawaida ina 32. Faida yake ni kupunguza nitrojeni, si kwenda kilindi zaidi. Kinyume chake, kwa asilimia 32 mwisho wako ni mita 33 hivi, ukizidi hapo oksijeni yenyewe inakuwa sumu na mtu anaweza kupata degedege chini ya maji. Kwa Hilma Hooker inatosha. Pimeni mtungi wenyewe, kwa mkono wenu, kabla ya kutia sahihi.

Pandeni polepole, simameni mita 5 kwa dakika tatu. Na siku ya mwisho msipige mbizi. Baada ya siku kadhaa za mbizi unangoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi nangoja 24.

#11 Mswahili wa Maskati

Assalamu alaykum. Huku kwetu Oman, kwenye visiwa vya Daymaniyat, tunaona papa-nyangumi msimu ukifika. Bonaire kuna papa?

#12 Mbizi wa Nungwi

Waalaykum salaam. Kwa papa usiende Bonaire, nakwambia ukweli. Ni kisiwa cha vidogo: farasi wa bahari aliyejifunga mkia kwenye sifongo, samaki-chura anayefanana na jiwe mpaka akufumbulie jicho, kamba wadogo wasafishaji. Mpe mmoja wao mkono wako bila kutikisika, atakupanda na kukusafisha kucha. Samaki-simba nao wapo tangu 2009. Asili yao ni bahari yetu, huko Karibi ni wavamizi na samaki wanaowala ni wachache mno, basi wanafyeka vifaranga wa samaki wengine. Wenye kibali maalumu ndio wanaoruhusiwa kuwachoma kwa mkuki.

#13 Binti Makunduchi

Kaka, nimeona kwenye ramani kuna sehemu mbili kusini zinaitwa White Slave na Red Slave. Ni majina ya nini?

#14 Mbizi wa Nungwi

Nilikuwa nangoja mtu aulize. Ni majina ya vibanda. Vimepangwa ufukweni, vya mawe, vidogo mno, mlangoni unaingia kwa kuinama mpaka magotini. Vilijengwa kama 1850 kwa ajili ya watumwa waliofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya serikali ya Kiholanzi. Ndani walilala na kuweka vitu vyao. Familia zao zilikuwa Rincon, kaskazini, na mwisho wa wiki walitembea saa nyingi kwenda, kisha wakarudi kukata chumvi chini ya jua lile, miguu ikiwa na vidonda. Waliachwa huru tarehe 1 Julai 1863.

Chumvi bado inazalishwa pale pale. Maji ya mabwawa ni ya waridi, na heroe wamesimama ndani yake kwa mamia. Ni pazuri sana na ndipo mahali penyewe.

Mimi mtoto wa Unguja, nimepita Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, mara ngapi, nilipoinama kuingia kwenye kile kibanda sikuhitaji maelezo. Mara ya kwanza tulikuwa tumefika kupiga mbizi. Wenzangu wakawa wanavaa. Mimi nilikaa kwenye jiwe mpaka walipotoka majini. Safari hii nilipiga mbizi pale, kwa makusudi, na kabla ya kuingia nilisoma Fatiha.

Mbizi yenyewe: Red Slave iko karibu na ncha ya kusini, mkondo ni mkali, si ya mtu wa mbizi 22. White Slave ni tulivu zaidi.

#15 Mtangata

Asante kwa kuliandika hilo.

#16 Binti Makunduchi

Wakuu, nimerudi. Visa ilichukua muda lakini tulipata, mimi na mdogo wangu. Siku kumi, mbizi 19.

Kaka Mbizi, Salt Pier ilikuwa na meli siku tatu, tukaenda Invisibles badala yake, na hatukujuta. Siku ya nne gati ikawa wazi. Ngazi za 1000 Steps nimezihesabu: 67. Klein Bonaire tulikwenda kwa boti. Kisiwa hakina nyumba hata moja, mwenyeji akatueleza kuwa serikali ya kisiwa ilikinunua 1999 ili kisijengwe hoteli. Kasa wanataga pale.

Nilichotaka kuwaambia ni usiku wa tatu baada ya mwezi mpevu. Kiongozi alitwambia tuingie Bari jua linapozama, tukae juu ya mchanga, tuzime tochi, tungoje. Niliogopa. Mdogo wangu alinishika mkono. Giza likawa giza kweli. Kama dakika arobaini na tano baada ya magharibi, mbele ya miwani ikatokea nukta moja ya buluu, na juu yake nyingine, na nyingine, zimepangwa kama shanga zinazopanda uzi. Halafu kila upande. Ni wadudu wadogo wa maji, wadogo kuliko ufuta, madume ndiyo yanayowaka kuwaita majike. Hakuna sauti ila pumzi zetu.

Tulipotoka mdogo wangu hakusema kitu mpaka tumefika kwenye pikapu. Akaniuliza kama Makunduchi, mwezi ukishapita, kuna mtu aliyewahi kuzima tochi akangoja.

#17 Mbizi wa Nungwi

Mwambie mwezi wa Desemba niko nyumbani. Mitungi ninayo.